Pauni Ngapi? Kuuelewa Mkazo wa Nyuzi za Raketi ya Tenisi

Mzazi anayepeleka raketi ya mwanawe kwa fundi kwa mara ya kwanza, awe Arusha au Moshi, hukutana na swali ambalo hakujiandaa nalo: "Tuvute pauni ngapi?" Kocha alikuwa ametaja 55. Jirani anayecheza kila Jumamosi ameshauri 60, ili mtoto apige mipira mizito. Binamu wa mtoto amesoma kwenye simu kwamba mchezaji fulani mashuhuri hutumia 48, naye haoni sababu ya kutafuta namba nyingine. Kila mmoja wao anaweza kuwa na hoja kwa raketi yake mwenyewe, lakini hakuna aliyesema ni uzi wa aina gani, kwenye fremu ipi, kwa mashine ipi na kwa mchezaji wa namna gani, na namba iliyotenganishwa na mambo hayo haimsaidii fundi wala mchezaji. Makala haya yanakusudia kueleza namba hiyo inapima nini, inabadilisha nini mpira unapogongwa, na kwa nini sisi tunaocheza chini ya Meru na Kilimanjaro tuna jambo la ziada la kuzingatia, ambalo mchezaji wa Dar es Salaam hulikuta pale tu anapopanda huku.

Tuanze na maana. Raketi ina nyuzi za wima, zinazotoka upande wa mshikio hadi juu ya kichwa, na nyuzi za mlalo, ambazo hupitishwa juu na chini ya zile za wima kwa zamu. Mkazo, ambao viwanjani wengi huuita tensheni, ni nguvu ambayo mashine hutumia kuvuta kila uzi kabla haujabanwa. Hupimwa kwa pauni au kwa kilo. Kilo moja ni sawa na pauni 2.2, kwa hiyo pauni 50 ni kama kilo 22.7, pauni 55 ni karibu kilo 25, na pauni 60 ni kilo 27 na kidogo. Raketi nyingi za watu wazima zimeandikwa kiwango cha chini na cha juu kwenye fremu, aghalabu karibu na shingo, kwa mfano 50 hadi 60. Kukivuka kiwango cha juu kunaiweka fremu katika hatari ya kupinda au kupasuka. Kushuka chini ya kiwango cha chini hakuidhuru fremu hata kidogo. Kunabadilisha tu namna mpira unavyotoka. Jambo hili la pili watu wengi hawalijui, na ndiyo maana huogopa namba za chini bila sababu.

Kukaza hakuongezi nguvu

Imani iliyoenea zaidi ni kwamba nyuzi zikikazwa sana mpira hutoka kwa kasi kubwa. Ukweli ni kinyume chake, na chanzo chake ni mpira wenyewe. Fikiria kitanda cha kamba. Kikiwa kimewambwa hadi kikawa kigumu, mpira wa tenisi ukidondoshwa juu yake ndio unaobonyea, kwa kuwa kamba hazitoi nafasi. Kamba zikiwa zimelegea kiasi, zenyewe ndizo zinazobonyea kisha zinaurusha mpira juu. Tofauti hii ni muhimu kwa sababu mpira wa tenisi hupoteza nguvu nyingi unapobonyea. Kanuni za mchezo zinataka mpira wa kawaida ukidondoshwa kutoka kimo cha sentimita 254 kwenye sakafu ngumu udunde kufikia kati ya sentimita 135 na 147, yaani hata mpira mpya kabisa hurudisha kiasi kinachozidi nusu kidogo tu. Nyuzi, kwa upande wao, hurudisha karibu nguvu yote zinayopewa. Kwa hiyo kadiri nyuzi zinavyobonyea zaidi na mpira kubonyea kidogo, ndivyo nguvu inayopotea inavyopungua.

Hata hivyo, kasi inayopatikana kwa njia hiyo ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Wanafizikia waliotumia miaka mingi kuupima mchezo huu, akiwemo Howard Brody wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania nchini Marekani na Rod Cross wa Chuo Kikuu cha Sydney nchini Australia, walionyesha kwamba tofauti ya pauni 10 hubadilisha kasi ya mpira kwa asilimia moja hivi, au kidogo zaidi. Kwa mpira unaokwenda kilomita 100 kwa saa, hiyo ni kilomita moja au mbili. Hakuna mpinzani atakayeitambua.

Kwa nini basi mchezaji aliyepunguza pauni 5 huapa kwamba raketi yake sasa ina nguvu kupita kiasi, na mipira inamtoka nje? Jibu liko kwenye pembe. Mpira hukaa kwenye nyuzi kwa takriban sehemu tano kati ya elfu moja za sekunde, na katika muda huo mfupi raketi inaendelea kupanda kutoka chini kwenda juu, kama tunavyofundishwa kupiga. Nyuzi zikiwa laini, mpira hukaa kitambo zaidi kidogo, kwa hiyo hutoka ukiwa umeelekea juu zaidi. Uwanja wa tenisi una urefu wa mita 23.77, na katika masafa hayo badiliko dogo sana la pembe linatosha kuuhamisha mpira uliokuwa ukitua nusu mita ndani ya mstari wa mwisho ukatua nje. Mchezaji huona mpira umekwenda mbali, naye husema ni nguvu. Akikaza nyuzi, mpira hutoka chini zaidi na kutua karibu zaidi, naye husema amepata udhibiti. Maneno hayo mawili, nguvu na udhibiti, yanazungumzia kwa sehemu kubwa jambo moja: mpira unatua umbali gani.

Nimelieleza hili kwa kirefu kwa sababu linabadilisha namna ya kuamua. Ikiwa mipira yako inatoka nje, kukaza nyuzi ni mojawapo ya njia za kuirudisha ndani. Ikiwa inakwama wavuni au kuanguka karibu na mstari wa kuanzishia, na mkono unachoka mapema, kulegeza kutakusaidia kuliko kuongeza misuli. Na ikiwa mipira wakati mwingine inakwenda kushoto, wakati mwingine kulia, wakati mwingine wavuni, hakuna namba itakayoponya hali hiyo. Hapo kinachohitajika ni kocha.

Pauni 55 za huyu si pauni 55 za yule

Namba inayowekwa kwenye mashine ni moja, lakini ugumu ambao mpira unakutana nao hutegemea mengine mengi. Kichwa cha raketi kikiwa kikubwa, nyuzi huwa ndefu, na uzi mrefu hubonyea zaidi kwa mkazo uleule. Kwa hiyo pauni 55 kwenye kichwa cha inchi za mraba 110 ni laini kuliko pauni 55 kwenye kichwa cha inchi 95. Idadi ya nyuzi nayo ina uzito wake: raketi yenye nyuzi 18 za wima na 20 za mlalo ina uso mgumu zaidi kuliko yenye 16 kwa 19, hata mashine ikiwa imevuta sawasawa. Unene pia unahesabika, kwani uzi wa milimita 1.25 hubonyea zaidi kuliko wa milimita 1.35.

Kisha kuna mashine. Ukimtazama fundi akifanya kazi utaelewa kwa nini. Hufunga fremu mezani kwa vibano, hukata ncha ya uzi kwa mshazari ili ipenye kwenye tundu, kisha huanza na nyuzi mbili za wima zilizo katikati, akivuta moja kushoto na moja kulia kwa zamu ili fremu isielemewe upande mmoja. Kila anapovuta hubana uzi kwa koleo la mashine ndipo aachie. Nyuzi za mlalo huzisuka kwa vidole, uzi mmoja baada ya mwingine, na kabla ya kuvuta huunyoosha uzi kwa ncha za vidole ili usibaki na upinde. Katika mashine za mkono zenye kishikio cha kuzungusha, mvutano hukoma papo hapo springi inapofikia namba iliyowekwa. Tangu hapo uzi huanza kulegea na mashine haiufuati. Katika mashine za umeme, na zile zenye uzito unaoning'inia, mvutano huendelea kuufuata uzi unaponyooka mpaka koleo libane. Matokeo yake ni kwamba raketi iliyovutwa pauni 55 kwa mashine ya kuzungusha inaweza kuwa laini kwa pauni kadhaa kuliko iliyovutwa namba hiyohiyo kwa mashine ya umeme. Hakuna fundi aliyekudanganya hapo.

Kwa sababu hiyo ninaamini kwamba kudumu na fundi mmoja kuna faida kubwa kuliko kuitafuta namba kamili. Fundi yuleyule, mashine ileile, hata kama mashine hiyo inavuta pungufu kidogo, atakupa raketi inayofanana na ya mwezi uliopita, na hapo ndipo unapoweza kusema ongeza mbili au punguza mbili ukajua unachokisema. Si utovu wa adabu kumwuliza fundi lini alipima mashine yake kwa mara ya mwisho. Kazi hiyo hufanywa kwa mizani ndogo ya springi, na fundi makini hulipenda swali hilo.

Uzi kwanza, namba baadaye

Laiti ningepewa nafasi ya kubadilisha jambo moja tu katika mazungumzo ya viwanjani kwetu, ningeomba watu waulizane "uzi gani?" kabla ya "pauni ngapi?". Aina ya uzi hubadilisha hisia ya raketi kuliko pauni 5 za mkazo.

Uzi wa asili hutengenezwa kwa utumbo wa ng'ombe. Ni laini, hurudisha nguvu vizuri, na hudumisha mkazo wake kuliko aina nyingine zote, lakini ni ghali na haupatani na unyevu, jambo linaloufanya kuwa mzigo wakati wa masika. Uzi wa nailoni ni wa bei nafuu na unamfaa karibu kila mtu. Upo wa kawaida wenye kiini kimoja, na upo uliotengenezwa kwa nyuzinyuzi nyingi nyembamba zilizoshikamanishwa, ambao ni laini zaidi mkononi. Uzi wa poliesta ni mgumu, haukatiki upesi, na nyuzi zake huteleza kwa urahisi: mpira unapogonga, nyuzi za wima husogea pembeni kisha hurudi mahali pake kwa ghafla, na kurudi huko huuongezea mpira mzunguko. Poliesta ilipata umaarufu Gustavo Kuerten wa Brazili aliposhinda Roland Garros, mashindano makubwa ya Ufaransa, mwaka 1997 akiwa nayo, na tangu hapo wachezaji wengi wa kulipwa wameifuata. Wapo wanaochanganya aina mbili katika raketi moja, kama bingwa wa Uswisi Roger Federer, ambaye kwa miaka mingi aliweka uzi wa asili wima na poliesta mlalo.

Umaarufu huo umeleta tatizo. Poliesta inawafaa zaidi watu wanaopiga mpira kwa kasi kubwa na wanaobadilisha nyuzi kila wanapoingia uwanjani. Mtoto wa miaka 11 hana mkono wa kuifanya poliesta iteleze na kurudi. Anachopata ni ugumu tu, na ugumu huo huishia kwenye kiwiko na bega ambavyo bado vinakua. Hapa nasema bila kusita: watoto wafungiwe nailoni. Mtu mzima anayetaka poliesta aifunge kwa mkazo wa chini kuliko aliokuwa akiutumia kwa nailoni, walau kwa asilimia 5 hadi 10. Aliyekuwa na nailoni ya pauni 55 ajaribu poliesta ya 50.

Mtazamo huu unaondoa pia kishawishi cha kuiga wakubwa. Björn Borg, bingwa wa miaka ya 1970, alifungiwa nyuzi kwa takriban pauni 80, na inajulikana kwamba nyuzi zake zilikuwa zikikatika zenyewe usiku zikiwa hotelini. Lakini alicheza na fremu ya mbao yenye kichwa kidogo na nyuzi za utumbo, kifaa ambacho hakifanani na chochote kinachouzwa leo. Adrian Mannarino wa Ufaransa amecheza miaka mingi katika kiwango cha juu kabisa akiwa na mkazo ulio chini ya pauni 30. Wote wawili walifanikiwa. Namba zao hazimfundishi lolote mchezaji wa klabu mwenye raketi nyingine na mwili mwingine.

Mkazo unaanza kuondoka siku hiyohiyo

Nyuzi mpya hupoteza sehemu kubwa ya mkazo wake wa awali ndani ya saa 24 za kwanza, hata raketi ikiwa imetundikwa ukutani, na upotevu unaofikia asilimia 10 ni wa kawaida. Baada ya hapo hupungua polepole, na kila mpira unaopigwa huongeza kidogo. Nailoni hupungua taratibu. Poliesta hupungua haraka, na zaidi ya hayo huchoka: inabaki imara bila kukatika lakini haitelezi tena wala kurudi. Unaweza kuliona hilo kwa macho. Zisogeze kando nyuzi mbili za wima zilizo katikati kwa kidole gumba, utazame mahali zinapokutana na za mlalo; utaona vijichimbo vilivyochimbwa na msuguano. Ukiziachia nyuzi zikabaki palepale ulipozisukuma badala ya kurudi, poliesta hiyo imekwisha, hata kama itadumu miezi sita mingine bila kukatika.

Kwa hiyo ile desturi ya kungoja uzi ukatike ndipo uende kwa fundi inawafaa wachache. Kipimo cha zamani kinachofuatwa na mafundi wengi duniani ni kubadilisha nyuzi kwa mwaka mara nyingi sawa na unavyocheza kwa wiki: anayecheza mara tatu kwa wiki abadilishe mara tatu kwa mwaka. Anayetumia poliesta ahesabu saa badala ya miezi, na saa 10 hadi 20 za mchezo ndizo uhai wake mzuri. Anayeona gharama hiyo ni kubwa ana sababu nyingine ya kurudi kwenye nailoni.

Joto huharakisha haya yote. Raketi iliyoachwa kwenye buti la gari mchana kutwa katika jua la Moshi mwezi Februari hurudi uwanjani ikiwa imelegea kuliko ilivyoondoka. Baridi haiharibu uzi, ila huufanya kuwa mgumu kwa muda na mpira kuwa mzito, ndiyo sababu asubuhi za Juni na Julai kule Arusha raketi ileile huonekana imekuwa ubao.

Arusha, Moshi na hewa nyepesi

Sasa tufike kwenye jambo linalotuhusu sisi hasa. Mji wa Arusha uko kwenye kimo cha takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Moshi iko chini zaidi, mita 800 na ushei. Katika kimo cha Arusha hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 12 kuliko ya pwani, na hewa ndiyo inayoupunguzia mpira kasi na ndiyo inayoufanya mpira wenye mzunguko ushuke upesi na kutua. Hewa ikiwa nyepesi, mpira haupungui kasi upesi, na mzunguko hauushushi kwa nguvu ileile. Pigo ambalo Dar es Salaam lingetua ndani ya mstari, Arusha linaweza kutoka nje bila mchezaji kukosea chochote.

Ili kupata picha ya ukubwa wa jambo hili, mashindano makubwa ya Madrid, ambayo kila mwaka wachezaji wa kulipwa huyalalamikia kwa kasi ya mpira, huchezwa kwenye kimo cha mita 650 hivi. Moshi imeizidi Madrid, na Arusha ni zaidi ya maradufu yake. Kanuni za Shirikisho la Tenisi la Kimataifa, ITF, zinatambua mpira maalumu kwa viwanja vilivyo juu ya mita 1,219, na Arusha iko juu ya mpaka huo ilhali Moshi iko chini yake. Mpira huo wa nyanda za juu hutengenezwa udunde chini zaidi, kati ya sentimita 122 na 135 unapopimwa kwa kipimo kilekile, ili ukifika huku udunde kama kawaida. Sababu yake ni rahisi: mpira wa kawaida umejazwa hewa ya presha kiwandani, na presha ya nje inapopungua, ile ya ndani husukuma zaidi na mpira hudunda juu mno. Kanuni zinaruhusu pia mipira isiyo na presha, mradi iwe imekaa siku 60 au zaidi kwenye kimo hichohicho cha mashindano.

Hitimisho langu kuhusu hili huenda lisiwapendeze wanaopenda kukaza. Kabla ya mchezaji wa Arusha kumwambia fundi aongeze pauni, atazame kwanza kopo la mipira. Mpira usiofaa kwa kimo hiki huleta matatizo ambayo pauni 3 haziwezi kuyatatua, na kuyafukuza kwa kukaza nyuzi ni kuuhamishia mkono mzigo ambao si wake. Pili, anayeishi na kucheza Arusha mwaka mzima amekwisha kuizoea hewa hii. Mapigo yake yamejipima yenyewe, na hahitaji kuongeza chochote kwa sababu ya kimo peke yake. Anayepaswa kubadilisha ni msafiri. Mchezaji wa pwani anayekuja Arusha kwa mashindano atafaidika akiongeza pauni 2 au 3. Wa Arusha anayeteremka Dar es Salaam atakuta mipira yake inatua fupi, naye apunguze pauni 2, ingawa joto la pwani litakuwa limemsaidia kidogo kwa kulainisha nyuzi na kuuchangamsha mpira. Kati ya Arusha na Moshi, mwendo wa kilomita 80 hivi, tofauti ipo na mchezaji makini ataihisi katika dakika za mwanzo, lakini mimi nisingevuta nyuzi upya kwa ajili yake. Nusu saa ya kupasha mwili moto inatosha.

Mkono una kauli yake

Nyuzi ngumu huusimamisha mpira kwa muda mfupi zaidi, na nguvu ileile ikibanwa katika muda mfupi hugonga kwa kishindo kikubwa. Kishindo hicho hupita kwenye fremu na kufika kwenye kiwiko. Maumivu ya upande wa nje wa kiwiko, ambayo wachezaji wa umri wa makamo wanayajua vizuri, hayaletwi na nyuzi peke yake; namna ya kupiga bekhendi, yaani pigo la mgongo wa mkono, mshikio usiolingana na kiganja na fremu ngumu vyote vina sehemu yake. Hata hivyo nyuzi ndizo jambo rahisi zaidi kubadilisha. Mwenye maumivu aondoe poliesta leo, afunge nailoni ya nyuzinyuzi nyingi, na ashuke hadi kiwango cha chini kilichoandikwa kwenye fremu au pungufu yake. Maumivu yasipopungua, amwone daktari.

Kile kipande kidogo cha mpira kinachobanwa kwenye nyuzi karibu na shingo ya raketi hakilindi kiwiko. Kinazima mlio wa nyuzi, basi. Mtetemo unaofika mkononi hutoka kwenye fremu, na kipande hicho hakiufikii. Anayependa sauti iliyofifia akitumie kwa sababu hiyo. Sauti ina ushawishi mkubwa kuliko tunavyokiri: wachezaji wengi, hata wazoefu, wakipewa raketi mbili zilizotofautiana kwa pauni kadhaa hushindwa kusema ipi imekazwa zaidi, na kinachowaongoza mara nyingi ni mlio.

Namba ya kuanzia

Kwa fremu iliyoandikwa 50 hadi 60, mtu mzima anayecheza kwa kujifurahisha na kutumia nailoni aanze na 53 au 54. Atumiaye poliesta aanze kati ya 47 na 50. Kijana anayehamia fremu ya inchi 27, yaani ya urefu wa watu wazima, kwa mara ya kwanza afungiwe nailoni ya 46 hadi 50, na asiongezewe kwa sababu tu ameshinda mashindano ya shule. Watoto wadogo wenye raketi fupi waachwe na nyuzi walizonunuliwa nazo mpaka zichoke. Aliyenunua raketi ya mtumba, pengine katika soko la Memorial pale Moshi, na akakuta maandishi yamefutika, aanze na 50 na awe mwangalifu: nyuzi zilizokuja na raketi hiyo hazijulikani umri wake, na vile vikinga vya plastiki ambamo uzi hupita vikiwa vimepasuka, uzi mpya utakatwa na kingo za fremu katika wiki ya kwanza.

Baada ya hapo, badilisha pauni 2 kwa wakati mmoja, na usibadilishe uzi na mkazo kwa pamoja, kwa maana hutajua ni kipi kilicholeta tofauti. Cheza walau mara tatu au nne kabla ya kuamua, kwa kuwa siku ya kwanza nyuzi bado zinatulia. Andika kwenye kipande cha plasta aina ya uzi, pauni na tarehe, ukibandike ndani ya shingo ya raketi. Fundi atakayeishika baadaye atashukuru. Klabu au shule yenye watoto wengi inaweza kununua roli la mita 200, kwa kuwa raketi moja hutumia takriban mita 12 na roli moja hutosha raketi 16, na uzi mmoja kwa watoto wote humrahisishia kocha kulinganisha.

Uzi mmoja ukikatika katikati ya mchezo, usiiache raketi hivyo mpaka wikiendi ijayo. Nyuzi zilizobaki huendelea kuivuta fremu bila uwiano na zinaweza kuipinda. Chukua mkasi, anzia katikati, kata za wima na za mlalo kwa zamu ukielekea pembeni, kisha ipeleke kwa fundi ikiwa tupu.